Mstari wa 2.1: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu na kwa Mameneja wa Benki za Kakamega

Kwa Daktari Kamau Thugge, Gavana wa Benki Kuu ya Kenya, na kwa mameneja wa matawi yote ya benki mjini Kakamega.

Mheshimiwa Gavana, na ninyi majirani zetu wa benki,

Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama 22 katika soko la Kakamega. Wengi wetu wanauza mahindi, maharagwe, mboga za kienyeji na mitumba. Mmoja ni muuguzi. Mimi nilifundisha somo la biashara katika shule za upili kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na ndiyo sababu nilikabidhiwa daftari.

Chama chetu kina mfuko wa dharura, ambao haugawanywi Desemba kama zile fedha za mzunguko. Ni wa matanga, wa hospitali, na wa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mwaka mzima wa 2024 mfuko huo ulikuwa na shilingi 240,000 hivi, katika akaunti ya akiba ya benki moja hapa mjini. Sitaitaja benki yenyewe, kwa kuwa nimezungumza na kina mama wa vyama vingine wanaoweka kwingine na malalamiko yao yanafanana na yetu. Bango lililokuwa ukutani siku tuliyofungua akaunti lilisema asilimia 4.5 kwa mwaka. Januari 2025 nilipoketi na stetimenti ili nifunge hesabu, nilikuta tumelipwa riba ya shilingi 5,400. Serikali ilikuwa imekata kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani shilingi 810. Tukabaki na shilingi 4,590. Piga hesabu mwenyewe, Mheshimiwa: haifiki asilimia 2.

Nilikwenda kuuliza. Kijana aliyenihudumia, mpole na mwenye adabu, alinieleza kwamba akaunti yetu inaruhusu kutoa pesa mara moja tu kwa kila robo ya mwaka. Ukitoa mara ya pili, riba ya robo hiyo nzima inafutwa. Mwezi Mei tulikuwa tumetoa mara mbili, mara moja kwa mazishi na mara moja kwa mwanachama aliyelazwa. Agosti na Septemba tukatoa tena, zote kwa karo. Robo mbili zikaenda bure. Sharti hilo lilikuwa kwenye karatasi tulizotia sahihi, na silikatai. Lakini lilikuwa katika ukurasa wa sita, kwa Kiingereza, kwa herufi zilizonilazimisha kuvua miwani na kuisogeza karatasi puani. Wenzangu wawili waliotia sahihi pamoja nami husoma Kiswahili. Hakuna aliyewasomea.

Ukigawa shilingi 4,590 kwa watu 22, kila mama amepata shilingi 208 kwa mwaka. Mwaka huohuo bei za bidhaa nchini zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 4.5. Hata kama tungelipwa kila senti iliyoandikwa kwenye bango bila kukatwa kodi, fedha zetu zingekuwa zimesimama palepale. Kwa tulivyolipwa, zilipungua.

Mheshimiwa Gavana, sikukuandikia kwa ajili ya shilingi 208. Nimekuandikia kwa ajili ya mstari wa 2.1.

Kila robo ya mwaka benki zetu huchapisha hesabu zao magazetini, kwa mpangilio mliouweka ninyi wenyewe Benki Kuu. Nilizoea kuwapelekea wanafunzi wangu kurasa hizo darasani na bado ninazisoma. Sehemu ya kwanza ya taarifa ya mapato inaonyesha riba ambayo benki imepokea: kutoka kwa mikopo, kutoka kwa hati za serikali, kutoka kwa benki nyingine. Sehemu ya pili ni gharama za riba, na mstari wake wa kwanza, ule wa 2.1, ni wa amana za wateja. Sisi tumo humo. Chochote ambacho benki ililipa kwa ajili ya kutumia pesa za watu walioiamini kiko katika mstari huo, na kimejumlishwa kikawa namba moja.

Namba hiyo inaficha mengi. Mfuko mkubwa wa pensheni jijini Nairobi wenye mamia ya mamilioni hauangalii bango ukutani. Afisa wake anapiga simu kwa benki tatu, anauliza nani atalipa zaidi kwa amana ya miezi sita, na anayeshindwa kuongeza anaukosa mzigo. Sisi hatuna wa kumpigia simu. Kuelekea mwisho wa 2024, takwimu zenu zilionyesha amana kwa jumla zikilipwa wastani wa asilimia 10 hadi 11, huku akaunti za akiba zikilipwa karibu asilimia 4. Mwenye akaunti ya hundi kwa kawaida halipwi chochote, wala sidai alipwe, maana yeye anaingiza na kutoa kila siku. Lakini magazeti yalipoandika kwamba gharama za benki za riba zimepanda sana mwaka 2023 na 2024, jirani yangu sokoni aliniuliza kwa nini basi kwake hakuna kilichopanda. Sikuweza kumjibu kwa kumwonyesha ukurasa wa gazeti, kwa sababu mstari wa 2.1 hausemi nani alilipwa nini.

Naomba sasa nizungumze juu ya miwa, maana pengine ukiwa Nairobi jambo hili halionekani jinsi linavyoonekana hapa.

Mkulima wa mahindi huvuna mara moja au mbili kwa mwaka. Mfanyakazi hulipwa kila mwezi. Mkulima wa miwa wa Mumias, Malava au Butere anapanda, anapalilia, anaweka mbolea, na anangoja muda unaokaribia miezi 18 kabla ya miwa ya kwanza kukatwa. Kisha malipo yanaingia benki kwa mkupuo mmoja. Siku hiyo, mtu ambaye hajaona noti ya elfu moja kwa wiki kadhaa anakuwa na shilingi 150,000 kwenye akaunti. Fedha hizo si faida ya kutumia siku hiyo. Ni chakula cha miezi kumi na nne ijayo, karo ya mihula mitano, na mbolea ya kuotesha miwa tena. Kila wiki atatoa kidogo. Na kwa kuwa anatoa kidogo kidogo, masharti yaleyale ya kutoa mara moja kwa robo yanamnyima riba yote, robo baada ya robo, ilhali benki imekaa na sehemu kubwa ya pesa zake mwaka mzima.

Huyo ndiye mweka amana ambaye benki yoyote ingemtamani. Haulizi. Hahami, kwa sababu kiwanda kinalipa kupitia akaunti hiyo. Na wakulima wetu wameshaumia vya kutosha. Kiwanda cha Mumias kilichokuwa fahari ya nchi tangu 1973 kiliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na kuna familia ambazo miwa yao ilizeeka shambani kwa kukosa wa kuikata. Waliofanikiwa kuuza kwingine na kuweka kidogo benki wanastahili kulipwa kwa kungoja kwao.

Wazee husema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui. Nilikuwa nikidhani ni methali ya kukata tamaa. Siku hizi naisoma kama maelezo ya masharti ya akaunti ya akiba.

Sasa nije kwenye kazi yako mwenyewe, Mheshimiwa. Kuanzia Aprili 2020 kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa asilimia 7. Mei 2022 kikaanza kupanda, na Februari 2024 kikafika 13. Nukta sita nzima. Riba ya mikopo ilipanda kutoka karibu asilimia 12 hadi karibu 17. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mkopo wa kuongeza mzigo dukani alipokea ujumbe kwa simu kila benki yake ilipopandisha, na tarehe ya kuanza ilikuwa imeandikwa. Riba ya akiba katika kipindi hichohicho ilitoka karibu asilimia 2.5 ikafika karibu 4. Na hatukupata ujumbe wowote, hata wa hiyo nukta moja na nusu.

Mkaanza kuteremsha kiwango chenu Agosti 2024. Kufikia Agosti 2025 kiwango kilikuwa asilimia 9.5. Mwanzoni mwa 2025, ulipoona benki zinachelewa kuwapunguzia wakopaji, ulizikemea hadharani na ukatuma wakaguzi. Nilifurahi, na wenzangu wenye mikopo walifurahi zaidi. Lakini mwaka 2023, kiwango kilipokuwa kinapanda na akiba imebaki nyuma, sikusikia mkaguzi ametumwa kuuliza kwa niaba yetu.

Agosti 2025 mkatoa pia mwongozo mpya wa kupanga bei ya mikopo yenye riba inayobadilika. Mkopo sasa unaanzia kwenye KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hutozana zinapokopeshana shilingi kwa usiku mmoja. Juu yake benki inaongeza gharama zake za kukopesha, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji. Ni kazi nzuri. Mkopaji ataweza kuona kila tofali la nyumba anayojengewa. Ninachouliza ni hiki: mizani ina sahani mbili, na mmeweka vipimo kwenye sahani moja. Pesa anazokopeshwa mkopaji zimetoka kwa nani?

Najua mtakumbuka 2016. Sisi pia tunakumbuka. Agosti mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Benki yaliyoletwa na Jude Njomo, mbunge wa Kiambu Mjini, na yakaanza kutumika Septemba. Riba ya mikopo isizidi nukta nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Amana zilipwe angalau asilimia 70 ya kiwango hicho. Kiwango kilikuwa asilimia 10 kuanzia mwishoni mwa Septemba hiyo, kwa hiyo akiba ilitakiwa ilipwe angalau 7. Nilikuwa bado darasani, na nakumbuka niliwaandikia wanafunzi hesabu hiyo ubaoni.

Kilichofuata kilinifundisha zaidi ya vitabu. Kifungu cha 33B cha sheria hiyo kilizungumzia amana zilizo katika akaunti zinazopata riba. Basi likazuka swali: akaunti gani inapata riba? Akaunti ambayo jana ilikuwa ya akiba, leo ikapewa jina jipya, ikawa ya miamala, na ikatoka nje ya sheria bila mwenye nayo kujua. Mwaka 2018 Bunge likafuta sharti la amana, na la mikopo likaendelea kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Novemba 2019. Kwa hiyo dhoruba ilipokuja, mweka amana ndiye aliyetupwa baharini kwanza, na sidhani kuna gazeti lililoweka habari hiyo ukurasa wa mbele.

Siombi sheria ile irudi kama ilivyokuwa. Iliwafungia mlango wakopaji wadogo, na baadhi yao ni wanachama wangu waliokimbilia mikopo ya simu yenye bei kali kuliko ile iliyokatazwa. Nazipa benki haki yao pia. Zina majengo, walinzi na mishahara ya kulipa. Sehemu ya amana lazima ikae kwenu Benki Kuu bila kuzaa chochote. Mwaka 2025 mikopo isiyolipwa ilizidi asilimia 16 ya mikopo yote, na hasara hiyo lazima ifidiwe mahali. Nayafahamu hayo.

Lakini katikati ya 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16. Benki ingeweza kuchukua shilingi yetu ya asilimia 2, ikaikopesha Hazina ya Taifa kwa 16, bila kumkopesha mtu yeyote wa Kakamega na bila hofu ya mkopaji kutoroka. Hapo hoja ya hatari inaishia wapi? Na jambo linaloniuma ni kwamba sisi wenyewe tungeweza kununua hati hizo. Mfumo wenu wa kununulia hati za serikali, DhowCSD, ulizinduliwa 2023 na kiwango cha chini ni shilingi 50,000. Tulikuwa nazo mara nne na zaidi. Hakuna aliyetuambia, na tawi lililokuwa limeshika pesa zetu halikuwa na sababu ya kutuambia.

Wengine hutujibu: kama hupendi, hama. Kuhamisha akaunti ya chama kunataka kumbukumbu za kikao, cheti cha usajili, watia sahihi watatu waache biashara siku nzima, na picha mpya za pasipoti. Na tuhamie wapi? Mwaka 2015 Imperial Bank ilifungwa, mwaka 2016 Chase Bank ikawekwa chini ya usimamizi, na waliokuwa wamefuata riba nzuri wakakaa miaka wakidai fedha zao. Mtu mdogo alijifunza kwamba benki inayolipa vizuri inaweza kuwa benki inayozama. Tukaenda kwenye benki kubwa kutafuta usalama, na usalama huo tunaulipia. Sacco ni zetu na nazipenda, zimesomesha watoto wa walimu wa eneo hili lote, ila tangu ilipobainika kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 zimepotea katika muungano wao, KUSCCO, hata huko watu wanaweka huku wanaangalia nyuma. Wenye simu nzuri wanahamia mifuko ya uwekezaji ya soko la fedha, ambayo baadhi yake sasa inaanza na shilingi 100. Mama wa miaka 65 mwenye simu ya mulika mwizi hatahamia huko kesho.

Na kuna wanaohamia pabaya. Mwaka 2006 na 2007 miradi ya piramidi kama DECI ilizoa akiba za walimu, wachungaji na wajane, nikiwajua wengine kwa nyuso. Tuliwacheka kwa tamaa yao. Leo najiuliza ni wangapi waliingia kwa sababu kitabu chao cha benki kilikuwa kimewaonyesha miaka kumi ya sifuri.

Basi ninachoomba ni hiki, Mheshimiwa Gavana. Upasueni mstari wa 2.1. Kila benki ikichapisha hesabu zake, ionyeshe riba iliyolipa kwenye akaunti za akiba peke yake, kwenye amana za muda maalum peke yake, na kwenye zilizobaki. Halafu itenganishe akaunti za chini ya shilingi 500,000 na za juu yake. Nimechagua kiasi hicho kwa makusudi. Ndicho kiwango ambacho Shirika la Bima ya Amana linamlindia mteja mmoja tangu Julai 2020, kwa hiyo mpaka huo si mgeni kwa benki yoyote. Hakuna atakayehitaji mashine mpya. Na iandikwe riba iliyolipwa kweli baada ya masharti kufuta robo zake, si ile ya kwenye bango. Benki ikiandika kwamba wateja wake wadogo walipata asilimia 1.9 na benki ya jirani ikaandika 3.8, kina mama wa soko la Kakamega watajua la kufanya, na hamtahitaji kuweka sheria ya asilimia 70.

Mwongozo wa KESONIA nao upewe sehemu ya pili. Benki inayopandisha mkopo kwa kufuata kipimo hicho, iandike jinsi akaunti ya akiba itakavyofuata kipimo hichohicho, na imtumie mweka amana ujumbe siku ileile inapomtumia mkopaji. Wala isimhamishe mtu kwenye aina nyingine ya akaunti bila sahihi yake.

Ninyi mameneja wetu, najua viwango havipangwi kwenye meza zenu, vinatoka makao makuu. Lakini ukuta ni wenu. Bandikeni hapo, kwa Kiswahili, kile ambacho kinafuta riba. Tawi likiona chama kinataka kutoa mara ya pili ndani ya robo, karani aseme, "Mama, ukitoa leo utapoteza shilingi 2,700." Dakika moja tu. Wanachama wetu wawili ni Waislamu wa Mumias, na sehemu yao ya riba hawaichukui kwa imani yao; waelezeni wateja wa namna hiyo kwamba zipo akaunti za kugawana faida, badala ya kuzifurahia pesa zao za bure kimya kimya. Na anayekuja na malipo ya miwa ya shilingi 150,000, mkalisheni. Mwonyesheni jinsi ya kugawa: kiasi hiki cha kutoa kila wiki, kiasi hiki cha miezi mitatu, kiasi hiki cha miezi sita chenye riba ya maana. Mnajua kufanya hivyo. Mnawafanyia wateja wenu wakubwa kila siku.

Chama chetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Barua hii nimewasomea wote kabla ya kuituma, na wote 22 wamekubali iende. Jibu lenu likifika, nitalisoma kwenye kikao hichohicho, kwa Kiswahili, neno kwa neno.

Wenu katika kulinda akiba za watu,

Mweka hazina wa chama cha kina mama, soko la Kakamega